Nani Kajaza Kidumu cha Mama?

"Mkojo huu si wa mama, Jaifar! Nakwambia tena, si wa—"

"Kwani miye ndiye niliyeukojoa? Nimeuchukua mlangoni, nikaupeleka—"

"Usinikate! Daktari kanipigia miye, hakukupigia weye, kwa sababu weye hata salamu yako mtu anaipekua kwanza—"

"Da Manal, punguza sauti, mama yuko chumba cha—"

"Umetia nini mle ndani?"

"Sijatia kitu!"

"Wallahi?"

"Wallahi!"

"Hata ile ya profesa uliapa!"

Hapo kanibana. Maana kweli, hata ile ya profesa niliapa.

Kama gazeti la wiki jana ulifungia vitumbua, nakurudisha nyuma upesi. Naitwa Jaifar, wa mtaa wa Hail hapa Maskati, wazee wangu wote wa Unguja. Nilikuwa nasomea mambo ya maabara chuoni, mwaka wa tatu, nikamtilia profesa wangu matone ya dawa ya buluu kwenye chai. Haimdhuru mtu, ila anakojoa kijani. Mzee wa watu akakimbizwa hospitali anapiga shahada. Miye nikarudishwa nyumbani na mkoba wangu. Nikauza matairi Wadi Kabir, huko nako nikatolewa, mnajua kwa nini. Mwisho nikapata udereva kwenye ofisi ya utafiti, Khuwair ya Kusini.

Utafiti wenyewe ni wa watu wenye sukari ambao figo zao zimeanza kuchoka. Wanapewa vidonge. Wengine dawa ya kweli, wengine vidonge vitupu, na hakuna anayejua kapata kipi, hata daktari hajui. Kila mwezi mgonjwa anakusanya mkojo wake wa siku nzima, asubuhi mpaka asubuhi, kwenye kidumu cha lita tatu. Kazi yangu kuvizungukia vidumu hivyo nyumba kwa nyumba. Na mmoja wa wagonjwa ni mama yangu mwenyewe, Bi Hamdiya.

Baba yetu, Mzee Marhoon, aliondoka kwa figo. Miaka minne kwenye mashine ya kusafisha damu, siku tatu kila wiki, kiti kile kile cha dirishani. Siku tuliyorudi makaburini mama alisema, "Miye kiti kile hamtonikalisha."

Basi miezi mitatu ya mwanzo ya utafiti, protini iliyokuwa ikimwagika kwenye mkojo wa mama ilikuwa ya kutisha. Miezi mitatu iliyofuata ikashuka nusu nzima. Tukala halwa nyumba nzima, yeye akaila kwa macho. Tukasema dawa imekubali, kiti kile mama kakikwepa.

Na sasa Dokta Ruba, mkubwa wa utafiti, kampigia simu dada yangu. Kidumu cha mama hakilingani na damu yake. Figo zilizochoka vile haziwezi kutoa mkojo wote ule. Maneno yake mwenyewe: "Mle ndani kuna zaidi ya mtu mmoja." Jumamosi mama aanze kukusanya upya. Kikija vile vile, mama anatolewa kwenye utafiti, na dereva anatolewa naye.

Ndiyo hapo Manal alipoingia jikoni kama polisi.

"Unajua unachokichezea?" aliniuliza, sasa kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. "Kama hesabu zile za uongo, basi mama hajapata nafuu hata chembe. Anakwenda kwenye kiti cha baba huku sisi tunakula halwa."

Lilinichoma.

Akafungua chupa yake ya maji, ile ya lita mbili asiyoiacha, akapiga mafunda mpaka nusu. Manal yuko kwenye dayati tangu mwaka uanze. Amepungua mpaka baibui linamcheza, na wenziwe wa wizarani kila siku wanamwuliza siri yake. "Maji," anawajibu. "Maji tu."

"Nna macho na weye," akaniambia, akaenda chooni.

Sasa miye nafsi yangu naijua. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa sijafanya kitu. Na mtu ambaye hajafanya kitu anakuwa na kazi moja tu: kumtafuta aliyefanya.

Nikapiga hesabu. Nani anaingia na kutoka chooni kwa mama? Nani anakishika kidumu kabla yangu? Na nani kaingia nyumba hii miezi mitatu iliyopita, mwezi ule ule protini iliposhuka?

Pelagia.

Pelagia ni binti wa Muleba, kaletwa kumsaidia mama. Kabla yake alikuwa Manal ndiye anayelala kwetu, kamwacha mumewe Khuwair na vyombo vyake. Pelagia alipofika, Manal akarudi kwake. Msichana mwenyewe kimya, mchapakazi, anasali rozari yake akipiga pasi. Ndiyo maana nikamshuku zaidi. Mtu kimya namna ile ana lake.

Jumamosi asubuhi mama kaanza kidumu. Miye nikaenda mpaka duka la juisi Khuwair ya Kusini, nikarudi na chupa kubwa ya juisi ya bitiruti, ile ambayo hapa wanaiita shamandar. Niliyojifunza maabara hayakupotea yote: mtu akinywa ile kwa wingi, wengine mkojo unatoka mwekundu. Mama kakatazwa bitiruti na daktari, hagusi. Manal hakuwepo. Basi kidumu kikiwa chekundu, najua kimetoka kwa nani.

"Pelagia, nimekuletea juisi."

Akaitazama glasi. Akanitazama miye. Akairudia glasi.

"Ya nini?"

"Bitiruti. Inaongeza damu."

"Kaka Jaifar, juisi yako ya mwisho ilikuwa na chumvi. Na ile ya kabla yake ilikuwa na mende."

"Mende wa plastiki."

"Nilimpigia mama yangu nikamwambia nakufa Uarabuni."

"Leo safi. Tazama." Nikanywa funda moja.

"Mbona humalizi?"

"Nimeshiba."

"Mh." Akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi kama paka. Kisha akanywa. Nikamjazia ya pili, akanywa. Ya tatu kajimiminia mwenyewe. "Tamu," akasema. "Lakini kuna kitu. Nitakijua tu, kaka."

Jumapili, kabla sijatia hata chai mdomoni, nikaenda kwenye friji dogo la uani. Nikakitoa kidumu. Kizito, kimejaa mpaka shingoni. Nikafungua kifuniko.

Rangi ya sharbati ya waridi.

"PELAGIA!"

Alitoka mbio na pasi mkononi. Manal, aliyekuwa kaja kunichunga kabla hajaenda kazini, alitoka mbio nyuma yake.

"Nimekukamata!" nikasema. "Tazama! Wa nani huu?"

Pelagia akachungulia. Uso ukambadilika.

"Ndiyo juisi ile," akasema polepole. "Ndiyo kazi yake. Kaka Jaifar, wewe mtu mbaya sana."

"Miye mbaya? Unachezea mkojo wa mgonjwa, kisha miye mbaya?"

"Nilijua!" akadakia Manal. "Nilijua kuna mtu nyumba hii—"

"Juzi ulijua ni miye!"

"Nyamaza! Pelagia, nani kakutuma? Mbona umemfanyia mama hivi?"

"Mimi nimetumwa na mwenye mkojo," akasema Pelagia, na machozi yakaanza kumlengalenga. "Kamwulizeni mama. Kila mwezi ananiambia, Pelagia mwanangu, njoo uniongezee. Mimi nafanya kazi kwa watu, ningesemaje?"

Mlango wa ndani ukafunguka. Mama, na kanga yake ya kuswalia bado kichwani.

"Mwacheni mtoto wa watu. Nimemwambia miye."

Tukamgeukia wote, watatu na kidumu.

"Mama," nikasema, "umemwambia akukojolee?"

"Nimemwambia aniongezee. Sasa ningefanyaje? Miye siku nzima natoa kidogo, hakifiki hata nusu. Watu wamenipa chombo chao kikubwa, kizima, na kifuniko, nikirudishe na kijitone chini? Um Fajr hapo jirani akileta bakuli la harisa, tushawahi kumrudishia bakuli tupu?"

"Mama, hiyo ni harisa!"

"Chombo ni chombo. Bibi yenu kule Malindi ya Unguja siku alokuwa hana kitu alitia ndimu mbili na chumvi, lakini sahani ya mtu haikurudi tupu. Leo Hamdiya apeleke nusu kidumu kwa madaktari? Nitiwe ila? Waseme wale wa Hail mabakhili?"

Jamani, nilicheka. Nilikaa chini kwenye marumaru nikacheka mpaka Pelagia naye akaanza, na pasi yake mkononi. Mama akauma mdomo, lakini nikaona mabega yanamtikisika.

Mmoja tu hakucheka.

Manal alikuwa anakifunga kifuniko cha chupa yake, anakifungua, anakifunga tena.

Nikaacha kucheka. Hesabu ikanirudia. Pelagia ana miezi mitatu hapa. Utafiti una miezi sita. Na vidumu vya mama nimevibeba miye mwenyewe tangu cha kwanza, na vyote vilikuwa vimejaa mpaka shingoni.

"Mama," nikasema. "Kabla ya Pelagia, nani alikuwa akikuongezea?"

"Si huyu huyu Manal."

"Mama!" Manal akapiga ukelele.

"Kwani uwongo? Tena Manal hana choyo. Huyu Pelagia namngojea mpaka Magharibi. Kwa Manal, adhuhuri tu kidumu kimejaa, na bado anarudi chooni."

Nikainuka pale chini taratibu. Utamu wa dakika ile, sitawaficha, niliula wote.

"Da Manal. Weye uloniapisha?"

"Jaifar, nisikilize—"

"Weye uloniita mwuaji jikoni?"

"Sikukuita mwuaji."

"Ulikuwa njiani."

"Niliogopa!" akasema. "Dokta aliposema zaidi ya mtu mmoja nikajua ni vile vyangu. Mama aliniomba, nikaona aibu kumkatalia, nikaona mkojo ni mkojo. Kisha nikaona weye jina lako lishachafuka, tone jingine halitoonekana."

Hilo ndilo lililonikata maini, kwa sababu lilikuwa kweli.

Akanishika mkono. "Tusimwambie Ruba. Watamtoa mama. Tukimwage hiki, tuseme kimeanguka."

"Na dawa? Tutajuaje kama inamsaidia au inammaliza?"

Nikatoa simu.

Dokta Ruba alinisikiliza mpaka mwisho, bitiruti, harisa, yote. Kisha: "Jaifar, huu si utani wako?"

"Wallahi, dokta."

"Hata kwa profesa uliapa."

Mji huu mdogo sana, ndugu zangu.

"Sawa," akasema. "Anzeni upya leo hii. Khalti Hamdiya peke yake. Na weye ukae mlangoni."

Basi nikakaa. Siku nzima kwenye kiti cha plastiki nje ya choo cha mama yangu, kama askari wa benki. Kila akitoka ananiambia, "Fedheha gani hii, ya Rabbi." Jumatatu asubuhi kidumu hakikufika hata robo. Mama alikishika mikono miwili, akakitazama, machozi yakamtoka. Nikadhani analilia figo zake.

"Sikipeleki hivi," akasema. "Sitaki kuonekana."

Ikabidi tukubaliane. Kidumu kikaenda na robo yake, na juu yake sahani ya vitumbua kumi na viwili, moto moto, imefunikwa kitambaa cheupe. Nikaviendesha vyote viwili kiti cha mbele, nimevifunga mkanda.

Jumatano alasiri gari ya Dokta Ruba ikasimama mlangoni.

Daktari wa utafiti haji nyumbani kwa mtu. Miezi sita nimeendesha, sijaona. Manal alikuwa ameomba ruhusa wizarani, kakaa pembeni ya mama na chupa yake mapajani. Pelagia kasimama mlango wa jikoni. Miye nilibaki karibu na mlango wa nje, nikiwa nimeshautoa ufunguo wa gari la ofisi mfukoni, tayari kuukabidhi.

Dokta Ruba ni mtu wa Maskati, mamake wa Wete. Akampa mama sahani yake. Juu yake kapanga tende za fardh, zimejaa.

Mama akamtazama, akanitazama miye: umeona?

"Khalti Hamdiya," dokta akaanza, "kwenye utafiti nimekutoa. Hilo halina njia."

Mama akainamisha kichwa.

"Lakini kliniki unabaki kwangu. Damu yako miezi sita haijasogea, si mbele si nyuma. Figo zako zimechoka, hazijaanguka. Kiti cha mashine bado."

"Bado?" akauliza mama.

"Bado, khalti. Lakini usinijazie tena."

"Alhamdulillahi!" Manal kashusha pumzi, akapiga funda la maji. Miye nikaurudisha ufunguo mfukoni kimyakimya, asinione.

Lakini dokta hakuinuka. Alikuwa na karatasi mkononi, na mkoba mkubwa miguuni, na hakuwa na uso wa mtu aliyeleta habari njema.

"Kuna kitu kimoja hakiniingii akilini," akasema. "Protini yote ya kidumu hiki cha khalti peke yake, na protini ya vile vitatu alivyoongezewa na Pelagia, ziko sawasawa. Maana yake Pelagia ni mzima. Kaongeza maji tu."

"Namshukuru Mungu," akasema Pelagia, akajifanyia ishara ya msalaba.

"Vile vitatu vya mwanzo, protini ni mara mbili."

"Ndiyo dawa ilikuwa haijaanza kufanya kazi," akadakia Manal.

"Inawezekana ni dawa." Dokta akaikunja karatasi mara mbili. "Na inawezekana si dawa."

Mwaka wa tatu wa maabara sikuumaliza. Lakini hesabu ile haikutaka mwaka wa nne. Mama ni yule yule, damu yake ni ile ile. Ukitoa mkojo wa mama kwenye vidumu vile vitatu, kunabaki nini? Mkojo wa nani?

Nikaitazama chupa ya lita mbili. Nikalitazama baibui linalomcheza. Adhuhuri tu kidumu kimejaa, na bado anarudi chooni.

Kiu, kukonda, choo kila saa: sukari, ile ile ninayoizungukia nyumba kwa nyumba.

Dokta Ruba akafungua mkoba, akatoa kidumu kipya, kitupu, kifuniko chekundu. Mama akanyoosha mikono miwili kukipokea.

"Nimeshafahamu, mwanangu. Safari hii wangu mtupu."

"Si wako, khalti."

Kikampita mama, kikasimama mbele ya dada yangu.

"Manal," akasema dokta kwa upole, "naomba wa kwako. Peke yako. Na kesho uje nikutoe damu."

Manal akacheka. Kicheko kifupi, kikavu. Akakitazama kidumu, akamtazama mama, ambaye mikono yake ilikuwa bado imenyooshwa hewani. Kisha akanigeukia miye. Sijapata kuona macho yale kwa Manal, hata siku ya baba.

"Jaifar," akasema, na chupa ikamwanguka mapajani, maji yakaanza kutiririka kwenye zulia, na hakuna aliyeinama kuiokota. "Mdogo wangu. Nakuomba. Sema ni utani wako."